Waswahili wa Zanzibar Walikwenda Wapi?

Serikali ya Kiingereza ilipohesabu watu wa Unguja na Pemba mwaka 1924, zaidi ya watu 33,000 waliandikwa kuwa ni Waswahili. Miaka saba baadaye, mwaka 1931, makarani walipopita tena, walioandikwa hivyo walikuwa kama 2,000 tu. Hapakuwa na tauni wala njaa iliyowafagia, wala majahazi yaliyowahamisha usiku. Watu walikuwa pale pale, Ng'ambo ya mji wa Unguja, Mkokotoni na Chake Chake, wakivua, wakilima muhogo, wakichuma karafuu, na lugha yao ilikuwa ile ile. Kilichoondoka ni jina. Katika muda huo huo Waarabu walipanda kutoka chini ya 19,000 hadi kupita 33,000, na hakuna uzazi wa namna hiyo duniani.

Takwimu hizi zinanishughulisha kila ninaposikia mtu akisema kwa uhakika kwamba lugha ndiyo kabila. Kwa ndugu zetu wa bara kauli hiyo haina matata: Msukuma na Kisukuma chake, Mchaga na Kichaga chake, Mmakonde na Kimakonde chake, na akisahau lugha ya wazee wake huonewa huruma kwamba kabila linampotea. Kwa kanuni hiyo Visiwani tungekuwa kabila moja tangu enzi na dahari, maana hakuna kijiji, kuanzia Nungwi mpaka Kizimkazi na kuanzia Kigomasha mpaka Mkoani, ambako mtoto hakuachishwa ziwa kwa Kiswahili. Hatukuwa kabila moja. Tulikuwa Wahadimu, Watumbatu, Wapemba, Washirazi, Waarabu, Wamanga, Washihiri, Wangazija, Wagunya, Wanyasa, Wazaramo, Wamanyema, na wengi wetu tumekuwa zaidi ya kimoja katika hivyo.

Maelezo yangu ni haya. Kiswahili hapa hakikuweza kuwa alama ya kabila kwa sababu kilikuwa cha kila mtu. Tajiri alikisema, mtwana alikisema, mwenyeji wa miaka elfu na aliyeteremka jana forodhani walikisema. Kitu kilicho mkononi mwa wote hakimtengi yeyote. Kwa hivyo kila watu walipohitaji kutengana, au walipotenganishwa na aliye juu yao, mpaka ulichorwa kwa vitu vingine: nani babaako, shamba ni la nani, na mgao wa mchele unamfikia nani.

Turudi kwa wale 33,000. Wengi wao walikuwa watu waliotoka utumwani au watoto na wajukuu wao. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukafutwa kisheria mwaka 1897, isipokuwa masuria waliongojea mpaka 1909. Watu hao waliletwa wakiwa Wayao, Wanyasa, Wazigua, Wanyamwezi, Wamanyema. Walikuja na lugha zao na ngoma zao, lakini katika shamba la karafuu mtu hakuchagua wa kulala naye chumba kimoja. Kiswahili kilikuwa lugha ya kwanza ya kuelewana baina yao wenyewe kwa wenyewe, kabla hata ya kuelewana na bwana. Walisilimu, wakavaa kanzu na kanga, wakajua kuzika na kuoza kwa taratibu za hapa. Kwa mtu ambaye jana aliitwa mshenzi usoni mwake, kujiita Mswahili kulikuwa ni kusema: mimi ni mtu wa hapa, nina dini, nina mji, nina haki ya kusalimiwa.

Tuna methali isemayo mwacha asili ni mtumwa. Nimeisikia ikitolewa kwenye hotuba na kwenye mikanda ya taarabu, na kila mara nafikiri juu ya watu wale. Kwao mambo yalikuwa kinyume kabisa. Mtumwa ndiye aliyekatwa na asili yake kwa nguvu, na kuifunika asili ile kwa kanzu na kwa lugha ya hapa ndiyo iliyokuwa njia yake ya kutoka utumwani moyoni baada ya sheria kumtoa kwenye karatasi. Sioni haki ya kumlaumu aliyefanya hivyo.

Basi kwa nini waliliacha tena jina la Mswahili? Kwa sababu lilikwisha kuwanasa. Ilipofika miaka ya 1920 kila mtu mjini alijua kwamba anayejiita Mswahili hana kwao pengine, na asiye na kwao pengine babu yake alinunuliwa. Jina lililomwondoa mtu kwenye ushenzi likawa sasa linamtangaza utumwa. Hapo watu wakapiga hatua ya pili. Tumfikirie mtu mmoja, wa kubuni lakini wa kawaida kwa zama zile. Amezaliwa shambani Bububu, mama yake wa Kiyao, baba wa Kizigua. Mwaka 1924 karani anamuuliza kabila, anajibu Mswahili. Kisha anaoa Mangapwani, anapewa mahali pa kujenga na wakwe, anaingia katika mashauri ya mji, anafukia wafu pamoja nao. Mwaka 1931 karani anauliza tena, naye anajibu jina la watu anaoishi nao. Nani atamkatalia? Matamshi yake ni yale yale, sala yake ni ile ile, watoto wake ni wajukuu wa mji. Lau angekuwa katika nchi ambayo kila kabila lina ulimi wake, angejulikana siku ya kwanza akifungua mdomo. Hapa Kiswahili kilimfungulia mlango wa kuwa mtu mwengine, na kikaufunga nyuma yake.

Hiyo ndiyo kazi kubwa ambayo lugha imefanya katika suala la ukabila Visiwani, nayo husahauliwa. Iliwawezesha watu kulibadilisha kabila.

Kuna jina moja linalohitaji kukaliwa kitako, nalo ni Ushirazi. Wenyeji wa kale wa Unguja na Pemba wana masimulizi kwamba wazee wao walitoka Shiraz, Uajemi, kwa majahazi. Msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yenye mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107, na Makunduchi kila mwaka husherehekewa Mwaka Kogwa, ambao ni Nairuzi, mwaka wa jua wa Kiajemi, kwa watu kupigana kwa migomba na kuchoma kibanda cha makuti. Kwa upande mwengine Kiswahili ni lugha ya Kibantu, jamaa ya karibu ya Kimijikenda, Kipokomo na lugha za Ngazija, na hakuna mji wa Washirazi uliowahi kujulikana kusema Kiajemi. Kwa miaka mingi mabishano yalikuwa ni ya ama hili ama lile: ama masimulizi ni kweli na lugha inatudanganya, ama lugha ni kweli na wazee walijitungia ukoo. Mwaka 2023 ulichapishwa uchunguzi wa vinasaba vya mifupa ya kale kutoka makaburi ya pwani ya Kenya na Tanzania Bara, miji kama Mtwapa, Manda na Kilwa. Wachunguzi walikuta kwamba watu wale walikuwa na damu ya Kiafrika zaidi kwa upande wa akina mama, na damu ya Kiajemi kwa upande wa akina baba, na kuchanganyika kulianza kiasi cha mwaka 1000. Hayakuwa makaburi ya Unguja wala Pemba, na mifupa haisemi mtu alijiita nani. Hata hivyo yanafahamisha jambo ambalo kila nyumba ya Kiswahili inalijua: nasaba huhesabiwa kwa baba, na lugha hufundishwa na mama. Mtu anaweza kuwa mkweli akisema ametoka Shiraz, na mkweli vile vile akisema kwa lugha ambayo Shiraz haijawahi kuisikia.

Isipokuwa Ushirazi wa karne ya 20 haukuwa suala la makaburi ya kale. Ulikuwa suala la foleni. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili chakula na nguo viligaiwa kwa mafungu ya asili, na fungu la Mwafrika halikuwa sawa na la Mwarabu wala la Mhindi. Mchele, ambao ndio chakula cha mtu wa Visiwani, ulikuwa na wenyewe, na kuambiwa wewe ni wa fungu la sembe ilikuwa aibu na njaa kwa pamoja. Jumuiya ya Washirazi ilianzia Pemba miaka ile, ikiwa na haja ya kuonesha kwamba wenyeji wa visiwa si wageni kutoka bara na wasiandikwe hivyo. Jina la zamani likapata kazi mpya. Wangazija nao walikuwa wamekwisha pigania kutohesabiwa miongoni mwa wenyeji. Mashauri haya yote, barua zote na mikutano yote, yalisemwa kwa Kiswahili na watu waliokuwa wakieleza kwa ufasaha kwamba wao hawako pamoja.

Jambo jengine linastahili kuwekwa mbele ya macho, kwa kuwa lilitokea katikati ya sensa zile mbili. Mwaka 1928 wajumbe wa nchi za Afrika Mashariki walikutana Mombasa wakaamua kwamba Kiswahili cha skuli na vitabu katika nchi zote kitajengwa juu ya Kiunguja, yaani lugha ya mjini Unguja. Kimvita cha Mombasa chenye washairi wake mashuhuri kiliwekwa kando, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kusimamia kazi hiyo. Kiunguja kile kilikuwa cha nani? Wamisionari wa Kianglikana, Askofu Edward Steere akiwa mbele, ndio waliokiandika na kukichapisha tangu miaka ya 1870, na waliokuwa pamoja nao Kiungani na Mbweni ni watoto na watu wazima waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Kilikuwa Kiswahili cha Mji Mkongwe na Ng'ambo, kilichopikwa na Wayao, Wanyasa, Wangazija, Wahindi, Washihiri na Waarabu kwa pamoja. Kikae cha Makunduchi na Kitumbatu, ndimi za watu ambao hakuna anayeutilia shaka wenyeji wao, zilibaki kuitwa lahaja za shamba. Kwa maneno mengine, katika miaka ile ile ambayo watu walikuwa wanalikimbia jina la Mswahili, lugha waliyoikuza wao ilikuwa inavishwa taji.

Mwaka huo huo wa 1928 mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alikwenda Bombay na wenzake kurekodi santuri. Alizaliwa Fumba mwaka 1880 katika ukoo uliotoka utumwani, baba wa asili ya Kinyamwezi, mama wa asili ya Kizigua, akauza vyungu kabla ya kuhamia mjini kiasi cha mwaka 1911. Taarabu ilipoletwa enzi za Sayyid Barghash ilikuwa ni ya jumba la mfalme na iliimbwa kwa Kiarabu. Siti aliiimba kwa Kiswahili, Ng'ambo na hata mbele ya wakubwa, na santuri zake zikauzwa pwani nzima. Nikiulizwa Kiswahili ni cha nani, namtaja yeye kwanza. Hakuna nasaba iliyompa lugha ile, na hakuna mwenye nasaba aliyeisema kwa namna ya kusikika mbali kuliko yeye.

Nimesema lugha haikumtenga mtu, na msomaji wa Pemba pengine amekwisha guna. Ana haki. Kiswahili hakitangazi kabila hapa, lakini kinatangaza mahali, tena bila ya huruma. Mtu akimuuliza mwenziwe mmoja "kunakwenda wapi?", ile "ku" mahali pa "u" imekwisha mpeleka Pemba kabla hajataja mji wake. Mtu wa Makunduchi akizungumza Kikae cha ndani na mamaake, mtu wa Malindi ya mjini Unguja hupata nusu yake tu. Baraza la Kiswahili la Zanzibar, BAKIZA, limetoa makamusi ya Kipemba, Kimakunduchi na Kitumbatu, na kila moja ni ushahidi kwamba tafauti hizi si za kubuni. Hata hivyo mtu akihama, watoto wake husema kama wa huko alikohamia. Ndiyo maana swali letu la barazani si "kabila lako nani" bali "wewe mtu wa wapi", na baada ya hapo, kama kuna posa, "wa nani".

Zama za siasa, baina ya 1957 na 1964, ndizo zilizoonesha jinsi lugha moja isivyotosha kuwaweka watu pamoja. Vyama vyote vilihutubia kwa Kiswahili, magazeti ya pande zote mbili, Mwongozi upande mmoja na Afrika Kwetu upande wa pili, yalirushiana maneno kwa Kiswahili kilichonolewa. Chama cha Hizbu (ZNP) kilisema sote ni raia wa Sultani. Chama cha Afro-Shirazi (ASP) kilisema nchi ni ya Waafrika. Washirazi wenyewe waligawika: wengi wa Unguja walibaki na ASP, na wengi wa Pemba walikwenda chama cha tatu, ZPPP ya Muhammad Shamte, iliyoungana na Hizbu. Jina moja, dini moja, lugha moja, kura mbili.

Sababu ilikuwa ardhini. Unguja, Wahadimu, yaani wenyeji wa kale wa kisiwa hicho, walisukumwa kutoka upande wa magharibi wenye rutba wakabaki na maweni ya mashariki na kusini, mikarafuu ikawa ya wengine. Pemba mambo yalikwenda vyengine. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu, na huko mwenyeji naye alikuwa na mikarafuu yake, akawa jirani na mkwe wa Mwarabu mwenye shamba la upande wa pili. Mtu hupiga kura na shamba lake machoni. Mwezi wa Juni 1961 fujo za uchaguzi ziliua watu 68, na baada ya mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 waliouawa walikuwa wengi mno. Aliyeuawa na aliyeua walielewana kila neno. Naliandika hili kwa uzito, kwa sababu wapo wanaofundisha vijana kwamba kukijua Kiswahili pekee ndiyo kinga ya ukabila.

Baada ya hapo dola iliacha kuuliza. Sensa ya 2022 ilihesabu Zanzibar watu 1,889,773 na haikumuuliza yeyote kabila lake. Mpaka unaolindwa kisheria sasa ni wa Uzanzibari, kwa sheria ya mwaka 1985 na kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, navyo vinaangalia kuzaliwa, wazazi na ukaazi. Lugha haimo katika fomu. Imo katika masikio. Kijana aliyezaliwa mtaa wa Amani mjini Unguja kwa wazazi waliotoka bara atasema skuli wala si shule, ataita ami, atatamka "kh" na "gh" mahali pake, na wenziwe hawatamkumbusha kwao mpaka siku ya ugomvi. Jirani yake aliyehamia akiwa mtu mzima atajulikana dukani kwa sentensi moja, na hapo ndipo penye maudhi ya leo, maana wote wawili wanasema Kiswahili tangu utotoni.

Ukitaka kukiona Kiswahili kikigeuka kabila, vuka bahari. Waliokimbilia Omani baada ya 1964, na waliorudi kwa wingi Sultani Qabus aliposhika nchi mwaka 1970, walikuwa Waarabu walipokuwa Unguja. Ndivyo walivyoandikwa, na ndiyo sababu ya kukimbia. Walipofika Maskati wakaitwa Wazanzibari. Wengi hawakuwa na Kiarabu cha kutosha sokoni, na nyumbani walisema Kiswahili, wakapika wali wa nazi na kusikiliza taarabu. Nasaba iliyowafukuza kisiwa kimoja haikutosha kuwapokea walikokwenda, kwa sababu huko kila mtu alikuwa nayo. Walichokuwa nacho wao peke yao ni lugha.

Na Kenya ndiyo mfano ninaoupenda zaidi, kwa kuwa unatoka kwa wavuvi. Kwa miaka mingi wavuvi wa Pemba walifuata dago, yaani kambi za uvuvi za msimu, kwenye pwani ya Kwale na Kilifi, wengine wakabaki, wakazaa, wakajukuu. Huko karatasi za mtu hupitia kabila, na wao hawakuwa kwenye orodha yoyote, kwa hivyo hawakuwa na vitambulisho, na bila ya kitambulisho hakuna leseni ya kuvulia wala akaunti ya benki. Kusema Kiswahili hakukuwasaidia kitu katika pwani ambayo kila mtu anakisema. Mwaka 2023 serikali ya Kenya iliwatambua Wapemba kuwa ni moja katika makabila ya nchi hiyo, kama ilivyowatambua Wamakonde mwaka 2016, wakaanza kupewa vitambulisho. Upemba wao sasa umo katika orodha ya makabila ya Kenya, na ndugu zao waliobaki Kojani na Micheweni, ambako Mpemba ni yeyote aliyezaliwa kisiwani, hawana kabila la jina hilo kwenye karatasi na hawajawahi kulihitaji ili wavue samaki.